Utani wa Waziri Luhende

Jumamosi hiyo, saa saba na nusu mchana, Waziri wa Afya na Utamaduni, Mheshimiwa Machibya Luhende, alipanda jukwaani kijijini Kitangamo akawatania Wazaramo. Aliwatania dakika moja na nusu, si zaidi. Kisha akashuka, akacheza mdundiko hatua tatu, akanywa dafu moja, akaingia garini akaondoka. Kwake yeye shughuli ilikuwa imekwisha.

Kwa Nakijwa Mbwambo ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Nakijwa alikuwa mpimaji wa kauli. Alikaa ghorofa ya nne, makao makuu, kwenye Chumba cha Mizani, mbele ya kioo kipana kama meza ya kulia. Kauli ya Waziri ilimfikia ikiwa na alama ya njano, maana yake Msikizi, mashine inayosikiliza kauli za viongozi, ameshindwa kuamua na anataka binadamu. Saa ya pembeni ikaanza kurudi nyuma. Alikuwa na saa mbili.

Akaicheza picha. Waziri, Msukuma mwenye kifua kipana, kidani cha serikali kinang'aa shingoni, anashika kipaza sauti na kucheka kabla hajasema.

"Watani zangu Wazaramo," akasema, "nimesikia mna kabati la dawa hapa. La nini? Ninyi mkiumwa si mnapiga ngoma? Akiumwa mtoto, ngoma. Akiumwa mama, ngoma siku tatu na pilau. Basi lifungeni hilo kabati, dawa mzipeleke kwetu Usukumani kwa watu wanaolima. Ninyi nitawaletea ngozi mpya za ngoma."

Uwanja ukavunjika mbavu. Bibi mmoja wa kikundi cha ngoma akapanda jukwaani, akamvua Waziri kofia yake ya pama, akaivaa mwenyewe, akatangaza kwamba hairudishi mpaka Msukuma huyu alipe mbuzi. Walinzi wakajikausha, maana walijua mila. Waziri akaahidi mbuzi. Makofi yakapigwa mpaka kipaza sauti kikalia.

Nakijwa naye alicheka, peke yake pale ofisini. Tuseme ukweli, yule bwana alijua kutania.

Sasa huko nyuma, kabla ya Msikizi, kiongozi alikuwa anasema anachotaka. Barabara aliahidiwa babu, akaja kuahidiwa mjukuu, na mvua ikinyesha wote wawili wanavua viatu. Watu wakachoka. Ndipo ilipopita Sheria ya Kauli: kila kiongozi akisimama hadharani avae kidani, kila neno lake liende moja kwa moja kwa Msikizi, na Msikizi hasubiri barua wala kikao. Makabati ya dawa, malango ya maji, magari ya serikali, vyote vimefungwa kwenye mfumo mmoja. Kauli ikipimwa kuwa agizo, inatekelezwa palepale, na jina la aliyeitoa linabandikwa juu yake ili aliyeumia ajue pa kumshika. Mwaka wa kwanza wabunge saba walijikuta wamechimba mabwawa ambayo hawakuwa na nia nayo hata kidogo.

Utani ndio uliomshinda Msikizi. Mashine ingejuaje kwamba Msukuma na Mzaramo wametukanana tangu enzi za misafara ya miguu, na wanapendana kwa matusi hayohayo? Mwaka huohuo wa kwanza mkuu wa wilaya mmoja aliwaambia watani zake msibani wamzike marehemu na viatu vyao, na asubuhi yake viatu mia mbili vikakusanywa na askari. Ikabidi wawekwe wapimaji. Mpimaji asiwe wa upande wowote wa utani huo. Nakijwa alikuwa Mpare, kwa hiyo kauli zilizohusu Wachaga hakuruhusiwa hata kuzifungua. Kazi yake ilikuwa kubonyeza nyekundu kwa agizo au kijani kwa utani. Kauli ya kijani ilikufa hapohapo. Haitendwi, haiandikiwi mtu, haiulizwi tena.

Kijani kilikuwa na masharti matatu. Wanaosemana wawe watani wa kweli, mahali pawe pa shughuli, na aliyetaniwa akubali kwamba ametaniwa. La tatu lilihitaji shahidi. Msikizi alichagua mtu mmoja kutoka kwenye uwanja ule ule, akampigia.

Shahidi wa siku hiyo alikuwa nesi wa zahanati ya Kitangamo, Sikudhani Pazi. Uso wake ulijitokeza kwenye kioo ukiwa na jasho, nyuma yake ukuta wa chokaa na kitanda kimoja.

"Shikamoo, dada," Sikudhani alisema. "Niambie haraka, nina mgonjwa."

"Marahaba. Ni kuhusu kauli ya Mheshimiwa. Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo dirishani. Uwanja upo hapo mbele yetu."

"Ulicheka?"

"Nilicheka. Kile kibibi kilichomvua kofia ni shangazi yangu."

"Kwa hiyo wewe, kama Mzaramo, unakubali kwamba huo ulikuwa utani?"

Sikudhani akageuka kumtazama aliyelala kitandani, akarudi.

"Dada, hata mwaka juzi alitutania, kwenye Siku ya Mkunga. Alisema Mzaramo haendi na wakati, kwa hiyo gari la dawa lije atakapopata saa. Tukacheka. Gari la dawa halikuja miezi minne. Mwaka jana akasema gari la wagonjwa la nini kwa watu wanaobebana kwenye ngoma. Tukacheka tena. Gari likahamishwa wiki iliyofuata. Halafu akasema manesi wawili kijiji kimoja ni wake wenza. Mwenzangu akapelekwa kwingine. Nimebaki peke yangu na kabati." Akafuta jasho. "Utani ni utani, sikatai. Ila huu wa kwetu kila ukiisha kuna kitu hakipo."

"Nani aliyehamisha gari?"

"Mfamasia wa mkoa. Nilimfuata mwenyewe. Nikamuuliza, umeandikiwa barua? Akasema hakuna barua. Akasema, Mheshimiwa ametania, lakini na sisi tuna masikio."

Nakijwa alifungua kumbukumbu. Hakuhitaji kutafuta sana. Siku ya Mkunga, kijani. Gari la wagonjwa, kijani. Wake wenza, kijani. Chini ya kila moja lilikaa jina la mpimaji, na mara zote tatu jina lilikuwa lake.

Mara zote tatu masharti yalitimia. Mara zote tatu alicheka, akabonyeza, akaenda kunywa chai. Na Waziri yule, ama kwa makusudi ama kwa mazoea, alikuwa amegundua kwamba utani ndio mlango pekee ambao Msikizi haulindi. Unasema, watu wanacheka, wa chini yako wanaelewa, na jina lako halibandikwi popote. Ukiulizwa, ulitania, na mpimaji amethibitisha.

"Mgonjwa wako ana nini?" akauliza.

"Presha ya mimba. Anaitwa Tabu Kondo, miezi minane na nusu. Aliingia asubuhi anaona vimulimuli. Nimempa sindano ya kuzuia kifafa saa saba, ya pili ni saa kumi na moja. Kabati linatoa sindano moja moja kwa saa yake, halitoi akiba. Nimeomba gari kutoka mkoani tangu saa nne. Wanasema linakuja."

Basi mambo yakawa hivi. Nakijwa akibonyeza kijani, kabati litabaki wazi leo, Tabu atapata sindano yake, na wiki ijayo mtu mwenye masikio atakuja kulibeba kabati bila barua, na hakuna atakayeulizwa. Mwezi ujao Tabu mwingine ataingia asubuhi anaona vimulimuli na atakuta ukuta. Akibonyeza nyekundu, agizo litakuwa agizo, lenye jina. Waziri atalazimika kurudi uwanja ule ule, asimame pale aliposimama, afute kauli kwa kinywa chake mwenyewe, na akishaifuta, sheria inarudisha kila kilichoondolewa kwa kauli za namna hiyo. Lakini nyekundu ikibonyezwa, kabati linajifunga sekunde hiyohiyo.

Alimweleza Sikudhani yote. Hakuruhusiwa. Mpimaji hamwambii shahidi mizani inaelekea wapi. Alimwambia hata hivyo, kwa sababu aliona hawezi kuamua juu ya mwili wa mtu kwa kimya.

Sikudhani alisikiliza mpaka mwisho. "Ngoja nimuulize mwenyewe," akasema, akaondoka kwenye kioo.

Nakijwa alisikia sauti mbili zikinong'ona, moja imechoka. Kisha Sikudhani akarudi.

"Anasema yeye anataka kuzaa. Hayo ya kuandika na kufuta, mumuulize akishazaa."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nesi, dada. Ukiniuliza leo, nitakwambia kabati liwe wazi leo. Ukiniuliza mwezi ujao... Usiniulize mimi."

Bosi wake, Bwana Kaijage, aliingia zikiwa zimebaki dakika kumi na mbili, ameshika kikombe.

"Mama Mbwambo, hii ya Kitangamo bado njano? Mbona kitu chepesi hiki? Msukuma, Mzaramo, ngoma, kofia. Kijani."

"Zile tatu za nyuma zilitendwa, bosi."

"Na nani? Kuna agizo?"

"Ndiyo hilo. Hakuna." Akamwonyesha tarehe: ya kauli, na pembeni yake ya gari kuhamishwa. "Kanuni ya kwanza inasema utani ni kauli isiyotendwa. Hizi zimetendwa."

Kaijage alizisoma akisimama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyebakiza miaka miwili astaafu. "Una haki," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini unataka kuwa na haki leo, na mgonjwa yuko kitandani? Bonyeza kijani, Jumatatu tuandike ripoti."

"Ripoti ya kauli ya kijani haifunguliwi. Sheria imeiua."

"Basi mimi sikuingia humu," alisema, akatoka na kikombe chake.

Nakijwa alipiga hesabu. Msafara wa Waziri ulikuwa umesimama njiani kwa chakula cha mchana, na sasa ulikuwa mwendo wa saa moja kutoka Kitangamo. Akibonyeza sasa, saa tisa na dakika ishirini na tano, Waziri akigeuza gari papo hapo atafika saa kumi na nusu. Sindano ni saa kumi na moja. Nusu saa ya ziada. Ilimtosha kuamini.

Akabonyeza nyekundu.

Kule Kitangamo kabati likatoa mlio mmoja mfupi likajifunga. Simu ya Waziri ikapokea taarifa, na dakika tatu baadaye simu ya Nakijwa ikaita.

"Mama," Waziri alisema, bila ukali, kama mtu anayezungumza na shemeji yake, "umenifungia watu zahanati."

"Umeifunga wewe, Mheshimiwa. Tafadhali geuza gari. Kuna mama anahitaji sindano saa kumi na moja."

"Mimi nilitania. Wewe unajua nilitania."

"Najua."

"Na wao wanajua."

"Wanajua, Mheshimiwa. Mfamasia wa mkoa je?"

Upepo wa barabarani ukasikika. "Sikumwagiza mtu yeyote," akasema hatimaye. "Hata siku moja."

"Ndiyo maana nimeandika mimi. Geuza gari, Mheshimiwa."

Hakugeuza. Alisimamisha msafara kivulini, akampigia mwanasheria wa wizara. Mwanasheria akampigia Kaijage. Kaijage akasema hakuwepo. Wakampigia mkuu wa mfumo, ambaye alisoma kanuni mara mbili na kusema mpimaji akishabonyeza hata Rais habonyezi tena, hiyo ndiyo maana ya mizani. Mwanasheria akauliza kama Waziri anaweza kufuta kauli kwa simu. Hawezi. Kama msaidizi anaweza kwenda kufuta kwa niaba yake. Hawezi. Katika mabishano hayo dakika arobaini na tano zikaenda, na Nakijwa alizitazama zote kwenye ramani: kitone kidogo cha bluu, kimesimama kando ya barabara, hakisogei.

Saa kumi na dakika kumi kitone kikageuka. Nakijwa akahesabu tena, na safari hii hesabu haikutosha.

"Gari la wagonjwa limefika wapi?" alimuuliza Sikudhani.

"Halijatoka."

"Sindano haiwezi kupatikana popote?"

"Zahanati ya jirani ni kilomita thelathini na mbili. Nimemtuma shemeji yake kwa pikipiki." Sikudhani alikuwa amekaa kitandani, kamshika Tabu mkono. "Dada, usikate simu."

Hakukata.

Saa kumi na moja na dakika nane Tabu Kondo alianza kutetemeka. Ilianza mdomoni, ikashuka shingoni, kisha mwili wote ukakakamaa. Sikudhani alimlaza kwa ubavu, akaita watu, akawa anahesabu sekunde kwa sauti kubwa. Nakijwa alisikia namba zile moja baada ya nyingine, sabini na tatu, sabini na nne, na kwenye kioo kile kipana hakukuwa na kitu chochote cha kubonyeza.

Waziri aliingia uwanjani saa kumi na moja na robo. Vumbi la mchana lilikuwa limetulia, viti vingi vimeshapangwa juu ya vingine. Watu hamsini hivi walikuwa wamebaki, nao walikuwa wamekwisha sikia. Alipanda jukwaani. Labda kwa mazoea tu, labda kwa sababu hakujua aanzie wapi, alisema, "Watani zangu, si mnaona mmenirudisha kwa ajili ya ile kofia?"

Hakuna aliyecheka. Bibi wa kikundi cha ngoma alipanda, akaiweka kofia ya pama juu ya meza mbele yake, akashuka. Hakudai mbuzi. Msukuma ambaye Mzaramo amemrudishia kitu chake bila kudai chochote anaelewa ameambiwa nini, na Waziri alielewa. Uso wake ulibadilika mbele ya watu wote.

"Nafuta kauli yangu ya leo," alisema. "Nafuta na ya Siku ya Mkunga. Nafuta ya gari la wagonjwa. Nafuta ya manesi." Akaichukua kofia mezani. "Nilijua zinatendwa. Sikuagiza, lakini nilijua."

Msikizi hakuwa na shaka yoyote na maneno hayo. Kabati likafunguka kabla hajashusha kipaza sauti. Sikudhani alichoma sindano saa kumi na moja na dakika kumi na tisa. Kisha wanaume wanne wakambeba Tabu mpaka kwenye gari la Waziri, lile refu jeusi lenye bendera, wakamlaza kiti cha nyuma, na Waziri mwenyewe akabaki Kitangamo ameshika kofia, akisubiri usafiri.

Nakijwa alifika hospitali ya mkoa Jumapili saa tatu asubuhi. Hakuwa ametumwa. Kwenye basi alikuwa amesoma habari: gari la wagonjwa limerudishwa, nesi wa pili amepangiwa kurudi Kitangamo, mfamasia wa mkoa ameitwa kujieleza, na vijiji vingine tisa vimeomba kauli zao za kijani zifunguliwe. Watu walikuwa wanamsifu mpimaji ambaye jina lake hawakulijua. Alizima simu akaiweka mkobani.

Tabu alikuwa ameketi nusu, mito miwili mgongoni, mtoto kifuani. Alikuwa amepasuliwa usiku. Mtoto wa kike, kilo mbili na robo, mzima. Sikudhani alikuwa amelala kwenye kiti pembeni na viatu vyake mguuni.

Macho ya Tabu yalikuwa wazi, lakini yaliangalia mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Nani?" akauliza.

Daktari alikuwa amemwambia Nakijwa mlangoni: kifafa kimegusa macho. Mara nyingi kuona hurudi baada ya siku chache. Mara nyingine kunapotea moja kwa moja. Wasubiri.

Angeweza kusema mgeni tu. Wodini kulikuwa na wageni wengi.

"Naitwa Nakijwa. Mimi ndiye niliyepima ile kauli."

Mtoto alitoa sauti ndogo, Tabu akamtuliza kwa kumpapasa mgongo, vidole vikitafuta njia polepole.

"Nilimwambia Sikudhani nataka kuzaa," alisema. "Hakukufikishia?"

"Alinifikishia."

"Ukasikia?"

"Nilisikia."

"Wanasema gari limerudi kijijini."

"Limerudi. Na nesi wa pili anakuja."

"Vizuri," Tabu alisema, na alisema kama mtu anayemaanisha. Kisha akasema, "Sijamwona bado. Wananiambia kafanana na mama yangu."

Machozi yalimtoka Nakijwa, akayaacha yatoke kwa kuwa hapakuwa na wa kumwona.

"Njoo umshike," Tabu alisema. "Mkono umekufa ganzi. Halafu niambie yukoje. Usipambe, niambie kama alivyo."

Nakijwa akampokea kwa mikono miwili. Alikuwa ametunga maneno yake njia nzima, ndani ya basi, kwamba hakuwa na njia nyingine. Sasa mtoto yuko mikononi mwake, akaona hawezi kuyasema, kwa sababu njia nyingine alikuwa nayo. Akainamisha uso karibu na ule uso mdogo, akaanza kumweleza mama yake: paji la uso, nyusi, pua.